Nane ya Kopa Chini ya Kofia

Nisiwafiche, wenzangu, mkasa huu hata kuusimulia natahayari (mke wangu ndiye anayenishurutisha, na mwenyewe hakuwapo).

Wakati ule ofisi yetu ya Chake ilikuwa inatengeneza mfumo wa kompyuta wa kampuni kubwa ya mwani (maghala, usafiri, mishahara, vyote humo humo), na mimi nimerudi semina Dar na wazimu wa mtindo mpya: hatujengi mfumo mzima kwa mpigo, twajenga kipande kila wiki mbili, twawaonesha wenyewe, wakikataa twarekebisha. Na kila kazi kwanza twaikisia ugumu, kila mtu anafunua kadi yenye namba, wote kwa pamoja, ili mdogo asimfuate mkubwa. Siku hiyo kadi nimezisahau nyumbani. Nikasema taabu ya nini, nikanunua karata dukani.

Basi tumo katika kukisia, Mbarouk kapiga tatu mezani, Bi Time kapiga nane, mimi nimesimama napiga kelele, "Nane! Nane ya nini? Jitetee!", mara nasikia mlangoni:

"Hodi! Mie babake Raya, natoka Shumba. Selemani ndo yupi?"

Selemani ndiye mimi. Na Raya ndiye niliyempelekea posa, na huyu mzee, ambaye nilikuwa sijapata kuonana naye, alikuwa ameomba muda wa kunichunguza tabia.

Karata, saa nne asubuhi, ofisini! Ningetulia ningesalimika, lakini wapi, nilizikumba zile karata nikazisokomeza chini ya kofia, nikamwendea mbio, "Shikamoo Mzee," nikainama kumbusu mkono. Kofia ikaanguka, karata zikammwagikia miguuni.

Akaokota moja.

"Nane ya kopa," akasema (kaijuaje, sikuthubutu kuuliza). "Ndo kazi mwaifanyayo hii, mwanangu?"

Raya huyo anakwenda, nilijiambia, na wallahi nilimpenda. Bi Time akaniokoa, akamweleza taratibu kwamba hapana pesa hapa, twakisia ugumu wa kazi tusije tukawaahidi watu uongo.

Mzee akavuta kiti akakaa. "Ehe. Na kumtunza mwanangu, mwakisia ngapi?"

Mbarouk, mjinga yule, akanyoosha mkono kutafuta karata. Nikamuwahi.

"Hiyo sikisii, Mzee. Siwezi kuahidi yote kwa mpigo. Kila wiki mbili nitamleta mumwone, nikikosea mnirekebishe."

Alicheka mpaka akafuta machozi.

Karata sigusi tena, hata kwa dawa. Lakini ahadi ni deni: kila wiki mbili, siku ya Ijumaa, mvua jua, twenda Shumba, Raya, watoto na mimi, na mkwe wangu hanipi mkono hata siku moja kabla hajaniambia, "Vua kofia kwanza, tuone."