Mapigano Yaliyositishwa Sebuleni Sharpstown

Friji ya baba mdogo ilikuwa inanguruma, na mimi ndiye niliyesema turudie. Alikuwa amefika katikati ya tangazo, suti ya kijivu juu, kaptura chini kwa sababu kamera haikufika huko. Nyuma yake tulikuwa tumebana bendera ya kikundi kwenye pazia kwa vibanio vya nguo. Nilipomwambia kwamba mlio unaingia kwenye maikrofoni, alinitazama kama mtu aliyekatishwa sala.

"Mama," akasema, kwa sababu kwetu baba mdogo humwita hivyo binti wa kaka yake, "watu wanakufa kule, wewe unasikia friji?"

"Wakiisikia hawatakuamini."

Akacheka, akainuka na kaptura yake, akachomoa waya ukutani.

Hivyo ndivyo usitishaji wa mapigano wa upande mmoja ulivyotangazwa katika vita vya kwetu, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa mwaka 2018: kutoka nyumba ya kupanga Sharpstown, Houston, huku maziwa yakipata joto. Baba mdogo alikuwa msemaji wa kikundi cha milimani. Kazi yake ya mchana ilikuwa kuendesha gari la kupeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu. Milima yenyewe hakuwa ameikanyaga tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilizaliwa kambini Tanzania, na vita hivyo nimevijua kwa simu.

Kupiga na kuhariri video nilijifunza peke yangu, kwa kutazama watu wakifundisha mtandaoni nikitoka zamu. Mtu aliyejifundisha huishi akisubiri kuumbuliwa, au labda ni mimi tu. Kila kitu nilikirudia hadi wenzangu wachoke. Kikundi cha milimani sikukipenda wala sikukichukia, na hilo ndilo gumu kuliandika. Nilitaka sauti iwe safi.

Tangazo lilisema kwamba wapiganaji wanaweka silaha chini, wao peke yao, bila masharti, ili wananchi wavune. Hapo penye "wavune" baba mdogo aliinua kidole. Tulipomaliza nikamuuliza kama wale wa upande wa pili, kikundi cha bondeni, wamekubali.

"Hiyo ndiyo raha yake," akasema, akifungua vifungo vya koti la suti. "Hauhitaji wakubali. Wakipiga, dunia inaona nani mbaya. Wasipopiga, vijana wetu wanapumzika, wanaongeza risasi. Bon! Tunashinda huku na huku."

Kamera nilikuwa nimeshaizima.

Video ikasambaa WhatsApp kabla sijamaliza safari ya basi kurudi Haltom City, tunakoishi mama na mimi. Mama aliitazama akiwa jikoni, akamtumia kaka yake. Mjomba wangu huyo alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa amekimbia kutoka milimani na kuacha shamba la maharage, akawa analala kwenye jengo la kanisa mjini pamoja na mwanawe, na maharage yalikuwa yamekauka yanapasukia shambani. Mama akampigia.

"Umeona? Wamesema watu wavune."

"Na wale wengine wamesema nini?"

Mama akanigeukia mimi niliyekuwa nakula, kana kwamba ndimi redio. Nikainua mabega.

"Wamesema bado hawajasema," mama akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Mjomba akapanda mlimani kuvuna. Milimani asubuhi kuna baridi, kwa hiyo alivaa koti.

Koti lenyewe lilitoka kwetu. Msimu wa kuwinda ulipokwisha mapema mwaka huo, duka moja la vifaa vya wawindaji lilishusha bei, na mama akanunua makoti mawili yaliyofanana, ya kijani na kahawia, madoa kama majani makavu. Moja lilikuwa langu, la kuvaa kwenye chumba baridi cha ghala nilikofanya kazi, Garland. La pili akampa msafiri ampelekee mjomba. Huku kwetu Texas rangi hizo huvaliwa na bibi anayechagua mayai dukani, huvalishwa watoto wachanga. Tulikuwa tumekaa hapa kiasi cha macho yetu kuacha kuziona. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba kule huvaliwa na mwenye bunduki.

Mjomba alikumbuka. Mwanawe alitueleza baadaye kwamba barabarani alikuwa akiligeuza, bitana ikawa nje, na akifika shambani analirudisha vizuri kwa sababu hakuna wa kumwona. Wakati mmoja alijipiga picha hapo katikati ya maharage, zipu hadi kidevuni, meno yote nje, akamtumia dada yake aone kwamba limemtosha. Mama akaiweka iwe picha ya namba yake ya WhatsApp.

Watu wa bondeni walimkuta shambani.

Picha ya mwili wake ilitufikia kabla ya simu ya mwanawe. Ilikuja mara mbili, ikiwa na maneno tofauti. Kwenye kurasa za bondeni: mpiganaji wa milimani auawa akivunja amani waliyoitangaza wenyewe. Kwenye kurasa za milimani: shujaa wetu auawa akiheshimu amani. Walipingana kwa kila kitu isipokuwa kwamba fundi baiskeli alikuwa askari.

Mama hakutaka kitu kingine kutoka kwa yeyote. Alitaka kaka yake azikwe na aliliwe kama raia, kwa kazi yake na kwa jina lake. Alilirudia jambo hilo kila simu ilipoingia.

Baba mdogo akanipigia. "Mama, nitengenezee bango la shujaa. Picha ninayo, ile ya mama yako."

"Baba mdogo, mjomba hakuwa askari. Unajua."

"Najua. Sasa amekuwa."

Nilikataa. Bango akatengeneza mtu mwingine, herufi zimepinda, uso wa mjomba umevutwa kwa upana. Nakiri kwamba kilichoniuma kwanza nilipoliona ni zile herufi.

Kilio kilikaliwa nyumbani kwetu. Wanawake chini kwenye zulia, wanaume nje penye magari, kwenye viti vya kukunja vya kanisa. Desturi yetu ni kwamba kabla ya watu kutawanyika, mmoja wa familia husimama akaeleza marehemu alikuwa nani na amekufaje. Baba mdogo alifika kutoka Houston na wenzake, akalibandika bango mlangoni, akatoa karatasi mfukoni kuonyesha kwamba yeye ndiye atakayeeleza.

"Shemeji," mama akasema akiwa bado kwenye zulia, "toa hiyo kitu kwenye mlango wangu."

"Shemeji, huyu sasa ni wa taifa."

"Wa taifa! Taifa lilimnunulia nini? Hata spoku moja ya baiskeli?"

Watu wakacheka, kilio ama si kilio. Mama akasimama, kanga imemteleza begani. Simu zikainuliwa juu, yangu pia.

"Kaka yangu hakuwa askari," akasema. "Alikuwa anaogopa hata mbwa. Mnamjua. Koti hilo nililinunua mimi. Mimi ndiye niliyemtumia. Na mtoto wangu ana la kwake. Lete, mwanangu, walione."

Nikalitoa kabatini. Akalinyanyua kando ya bango, doa kwa doa, koti la ghalani na koti la shujaa. Nilisikia mwanamke mmoja akisema "Yesu wangu" polepole, maana watu walikuwa wameelewa nini hasa mama anakiri mbele yao. Sauti haikumtetemeka. Baba mdogo akatazama viatu vyake, kisha akabandua bango mwenyewe, akalikunja. Nikadhani tumeshinda. Nikiwa na simu mkononi nikadhani hivyo.

Haikupita wiki. Kwenye kurasa za bondeni akatokea mama yangu ameshika koti la madoa: "Koti hilo nililinunua mimi. Mimi ndiye niliyemtumia. Na mtoto wangu ana la kwake." Chini yake: akina mama wa Texas wanavyowavalisha waasi. Kesho yake watu wa milimani nao wakaisambaza, wameiwekea nyimbo: akina mama wa Texas wako pamoja na vijana wetu.

Niliisikiliza kwa vipokea sauti. Kabla ya neno "koti" mama alivuta pumzi, na mkato ulipita katikati ya pumzi hiyo. Ulikuwa mkato mzuri. Ningekuwa mimi, ningekata hapohapo.

Nikaitoa video yangu nzima, sauti safi, bila mkato. Majibu yalikuja machache. Mmoja aliandika: ndefu. Mwingine, mtu wa kanisa letu aliyekuwepo amekaa kwenye zulia, aliandika: weka ile fupi.

Baba mdogo akapiga. "Usimjibu mtu, mama. Ukijibu wanapata nyingine ya kukata." Kisha akaongeza: "Mwezi ujao tunasitisha tena. Friji nimenunua mpya, haina kelele."

Nilimkatia simu. Nilisikia baadaye kwamba tangazo la pili lilirekodiwa, na kwamba sauti ilikuwa mbaya. Nilifurahi, na furaha ile haikunisaidia chochote.

Mama aliiangalia ile fupi mara nyingi mezani, miwani puani.

"Pale niliposema hakuwa askari, wamepapeleka wapi?"

"Wamepaondoa, mama."

"Wewe unajua hizi kazi. Huwezi kuparudisha?"

"Papo, mama. Nimeparudisha. Watu hawapasikilizi."

Akavua miwani. Kisha akachukua koti langu kwenye kiti, akaligeuza bitana nje, mkono mmoja, mkono wa pili, akatafuta sindano yake. Alishona pindo zote kwa uzi mweusi mara mbilimbili, akaufunga mfuko, akaishona na kola, hata mtu akitaka kulirudisha asiweze. Akanikabidhi.

"Ghala lina baridi," akasema.

Nililivaa kazini asubuhi iliyofuata. Msimamizi wetu, Mmarekani mpole, aliniambia mlangoni kwamba koti nimelivaa nje ndani. Nikamwambia najua.