Dakika Tatu za Kusema na Serikali

Katika jimbo la Texas huwezi kuitwa muuguzi mpaka uwe umesoma kwanza jinsi seneti inavyopitisha sheria. Sifanyi mzaha. Nimewageuza wazee vitandani miaka kumi na mmoja, kusini ya Dallas huku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza gavana ana madaraka gani. Mzee akitaka kugeuzwa, anataka kugeuzwa. Lakini chuo kilisema: bila ya masomo mawili ya serikali, moja la taifa na moja la jimbo, shahada utaisikia kwa wenzio.

La taifa nililipita. La jimbo nilianguka mara ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nafanya zamu mbili na kitabu nilikifungua ndani ya gari tu, kwenye taa nyekundu. Mara hii ya pili ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Nikikosa alama B, jina langu linafutwa kwenye orodha ya wanaosubiri kuingia uuguzi, na mie nimeshatimiza miaka arubaini na nne na kiuno hiki hakina tena miaka kumi na mmoja mingine ya kuinua watu. Basi nikaenda na hasira zangu zote, nikakaa mstari wa mbele.

Mwalimu alikuwa bwana mmoja mrefu, mvaa buti zilizochongoka, analipenda jimbo lake kama mtu anavyompenda mtoto mtukutu. Alitufundisha kuwa bunge la jimbo linakutana miezi mitano, kisha linakwenda zake nyumbani, na mwaka unaofuata halikutani kabisa. Nikadhani sikusikia vizuri. Akatufundisha kuwa mahakimu wanaomba kura, wanabandika majina yao kando ya barabara karibu na matangazo ya magodoro. Halafu ipo tume yenye jina la reli ambayo haina habari na treni hata moja, kazi yake ni mafuta na gesi. Nikanyoosha mkono nikauliza, treni basi zinaangaliwa na nani? Akasema, na wengine. Nikaandika kwenye daftari: wengine. Kwetu Unguja ofisi kama hiyo tungeiitia mganga wa kuizingua.

Nyuma yangu walikuwa vijana wa miaka kumi na tisa, wamezaliwa hapa hapa, kura zao mkononi, wamelala. Mie nisiyekuwa na kura ndiye niliyekuwa nakesha kujua nani anamchagua nani. Haya.

Ikaja kazi ya mwisho, yenye robo ya alama zote. Kila mmoja aende kwenye kikao cha baraza la mji anaokaa, asimame mbele ya kipaza sauti, na aliombe baraza jambo moja. Mwananchi wa kawaida anapewa dakika tatu. Mwalimu angetazama kwenye video, kwa sababu vikao vyote vinarekodiwa.

Jambo la kuomba nilikuwa nalo. Mji wetu, jina lake nalihifadhi, una njia ya waenda kwa miguu inayotoka kwenye nyumba zetu za kupanga, ikenda vizuri, imenyooka, kisha ikakatika katikati ya majani. Mbele yake hamna kitu. Ukitaka kufika dukani unaingia barabarani na magari yanakupigia honi wewe, ati wewe ndiye uliyekosea. Niliandika maneno mazuri, nikayatafutia na sheria yake. Nikavaa buibui langu jipya. Nilikwenda nikijiona nimeshafaulu.

Kikao kikaanza kwa habari ya msiba. Diwani mmoja, mama wa makamo mwenye nywele nyeupe, alikuwa amefiwa na mama yake wiki ile ile, na alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti chake. Wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea na habari ya mabomba. Nikashangaa. Mtu kafiwa, na wenzake wanazungumza mabomba!

Nikaitwa. Pale mbele pana taa tatu ndogo, ya kijani, ya njano na nyekundu. Nikasimama, na sasa nambie, wewe ungefanyaje? Huingii nyumbani kwa watu ukabwaga shida yako mlangoni. Nikamsalimu meya, nikamuuliza hali na watu wa nyumbani. Nikawasalimu madiwani mmoja mmoja, kwa majina, kwa kuwa majina yao nilikuwa nimeyasoma. Nikamshukuru askari aliyenifungulia mlango. Nikamgeukia yule mama, nikampa pole, nikamwambia mama hana mbadala, nikamwombea marehemu na nikawaombea na maiti wetu wote. Yule mama alinitazama macho yamejaa machozi. Taa ikawa ya njano, nikadhani inaniambia nitulie, nisiwe na haraka. Nikavuta pumzi, nikasema, sasa kilichonileta. Kengele ikalia. Meya akanishukuru sana kwa kufika, akamwita mwingine.

Nilirudi kwenye kiti sijaomba hata kokoto.

Siku ya pili nikaona alama yangu kwenye kompyuta: sifuri. Chini yake mwalimu ameandika maneno mawili matatu tu: "Ulipendeza sana. Ulitaka nini?"

Nililia kwa hasira, wallahi. Nilikwenda ofisini kwake nikamweleza kwamba kwetu salamu ndiyo mlango wa maneno. Akanisikiliza kwa adabu zote, akasema ni utamaduni mzuri mno, na kwamba utamaduni hauna alama kwenye karatasi yake ya kusahihishia. Ila kikao kingine kipo baada ya wiki mbili, niende tena. Nikasema moyoni, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho.

Binti yangu ndiye aliyenifundisha. Ana miaka kumi na tano, Kiswahili anakisikia chote na hajibu hata neno, anajibu Kiingereza. Akakaa jikoni na simu yake kunihesabia sekunde. Kila nikisema habari za jioni, ananisimamisha. Kila nikiuliza hali, ananisimamisha. Akasema hawa watu hawataki kuulizwa hali zao, mama, wanataka kujua unataka nini ili wakwambie haiwezekani. Mtoto huyu hajasoma serikali hata siku moja. Wiki mbili nzima tulikuwa tunakata, mpaka nilibaki na sentensi saba.

Kikao cha pili nikaitwa, nikasimama. Yule mama mwenye nywele nyeupe aliniona, akatabasamu, akainua mkono kidogo pale mezani. Alikuwa ananingoja. Sikumsalimu. Niliinamisha macho kwenye karatasi nikasema jina langu, mtaa wangu, njia yangu iliyokatika na ninachokitaka. Nilimaliza taa ikiwa bado ya kijani. Nilipoinua uso, mkono wake alikuwa ameshaurudisha, na mie niliona haya, mpaka leo naiona. Meya akanisifu kwa kusema kwa ufupi. Akasema wataalamu wataliangalia. Njia bado imekatika, lakini mwalimu alinipa alama zote.

Wiki ile ile matokeo yakatoka. B! Na barua ya chuo ikafuata: uuguzi, mwezi wa nane. Nilikuwa kazini, nikatoka nje kwenye maegesho, nikampigia mama yangu. Mama anakaa Missouri City, kule Houston, kwa kaka yangu, na kila sala alikuwa akiniombea mtihani huu.

"Mama, nimepata B. Uuguzi naanza mwezi wa nane."

Nikasikia sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu tulipomzika baba.

"Nani kafa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akaniambia nisimfiche, yeye ni mtu mzima, atastahamili, ni mjukuu wake? Nikamsikia anamwita kaka azime televisheni. Mtu hampigii mamake simu bila ya salamu ila kwa maiti. Basi ikabidi nianze upya. Shikamoo, mama. Umeamkaje, miguu inaendeleaje, kaka hajambo, wifi hajambo, watoto, jirani. Akanijibu moja moja, na sauti bado haijamtulia. Tulipowamaliza watu wote ndipo nilipomwambia tena.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Na hiyo serikali ndiyo iliyokufunza kunipigia simu hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi umefaulu kweli."

Akakata simu. Hakuniaga.