Bwana Kiboko wa Bi Ruqaya

Mahbuba alikwisha kuanguka bafuni mara tatu maishani mwake, na katika mara hizo tatu hakuna hata moja aliyoanguka bafuni. Ya kwanza ilimtoa jino, na mkono ulikuwa wa marehemu baba yake. Ya pili ilimvunja ubavu, na mkono ulikuwa wa mume. Ya tatu ilimfumba jicho wiki nzima, na mkono ulikuwa wa kaka yake Talal, kwa kuwa alikataa kurudi kwa huyo mume. Kila mara daktari aliuliza, na kila mara alijibiwa vilevile. Wanawake wa ukoo ule wote wanalijua jibu hilo, na ukihesabu walioteleza utadhani hawakupata kuona sabuni mpaka walipohamia Oman.

Sasa ana miaka hamsini na minne, na ukimkuta kazini huwezi kumdhania mambo hayo. Anauza spea za magari Wattaya, mjini Maskati, kaunta ile ile kwa miaka ishirini na sita. Wanaume wenye grisi hadi viwikoni humjia wakitaka beringi ya gari la mwaka wa tisini na nane, naye kwanza huwauliza namba ya chasisi. "Wewe wasema tisini na nane," huwaambia. "Chasisi je, yasemaje?" Mara nyingi mteja ametoa uongo bila kujua, maana aliyemuuzia gari naye alimdanganya. Mahbuba haamini mdomo wa mtu. Anaamini kilichopigwa kwenye chuma.

Ndiyo maana mama yake, Bi Ruqaya, alimpa yeye kazi ya kumtafuta babu. Bi Ruqaya ana miaka themanini na minne, na wao wawili wanakaa ghorofa ya chini katika nyumba ya Talal huko Amerat. Baba wa Bi Ruqaya alikuwa Mwingereza, msimamizi wa shamba la karafuu Pemba. Alisilimu kwa siku moja ili aoe, na katika ukoo habari zake zilisemwa kwa sauti ya chini. Watoto wa Bi Ruqaya walimjua kwa jina walilomwita watu wa shamba, Bwana Kiboko. Mama yao aliwaeleza kwamba babu alikuwa mnene mno, akiingia birikani kuoga maji yote yanamwagika nje. Akivimbisha mashavu kumwigiza, wanawe walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Mwaka jana, aliporudi kutoka hospitali na moyo wake mbovu, akamwita Mahbuba kitandani.

"Nitafutie makaratasi ya baba yangu," alisema. "Alozaliwa wapi, alofanya nini, yote waloyaandika. Nisife sijayaona."

"Ya nini leo, Mama?"

"We tafuta. Nnajua n'takachokitazama."

Jina alilopewa lilikuwa Nedi Padoki. Kila alasiri akitoka Wattaya, Mahbuba alikaa mbele ya kompyuta, kamusi ubavuni, akapekua vitabu vya vizazi vya Uingereza, sensa, orodha za abiria wa meli na wosia za maiti. Waingereza wameyaweka hayo yote wazi, mtu akiwa Maskati aweza kujua jirani wa bibi yao alikuwa nani. Akina Paddock aliwakuta wengi. Ned hakuwamo. Miezi mitano ikapita, hadi mama mmoja wa huko anayejitolea kuwasaidia watafutaji alipomwandikia kwamba Ned ni jina la kuitwa nyumbani tu, kwenye karatasi atakuwa Edward. Mahbuba alijipiga kofi kwenye kipaji cha uso. Kwao Mudi si ni Muhammad? Yeye, na chasisi zake zote, alikuwa ameamini mdomo.

Baada ya hapo Edward Paddock alitoka mzima mzima. Alizaliwa Sheffield mwaka 1905, na siku ilikuwepo, na mtaa, na kazi ya baba yake, mnoa visu. Katika sensa alikuwa na miaka sita, watu watano katika vyumba viwili. Kisha gazeti la mji la mwaka 1914 likasema kwamba mnoa visu yule alifungwa mwezi mmoja kwa kumchapa mwanawe kwa mkanda wa ngozi wa mashine ya kunolea, mpaka jirani akavunja mlango. Mahbuba aliisoma habari hiyo mara mbili na roho ikamuuma. "Maskini, katoto," alisema peke yake, na kwa siku kadhaa alimpenda babu yake.

Ndipo akaipata picha. Wasimamizi wanane wa mashamba wamesimama, majina yameandikwa chini kwa mpangilio. Wa tatu kutoka kushoto, Paddock, alikuwa mwembamba, shati limemning'inia kama limetundikwa msumarini. Mahbuba alihesabu upya. Akahesabu kutoka kulia. Akaenda kwenye orodha ya meli, palipoandikwa kimo chake na kovu lake la kidevuni, akarudi kwenye picha, na kovu lilikuwepo.

Basi hakuwa mnene. Mahbuba alikaa mikono mapajani, neno likajigeuza lenyewe kichwani mwake. Yuko kiboko anayeishi mtoni, na kiko kiboko kinachokatwa katika ngozi yake, cha kuwachapia watu.

Habari yenyewe ilikuwa katika gazeti la mwaka 1947. Bwana Paddock alimfunga mchumaji mmoja kwenye mti wa mkarafuu kwa kosa la kuvunja matawi, akamchapa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mtu akafa kesho yake. Mahakama ilisema hakukusudia kuua. Alifungwa miezi mitatu, akapandishwa meli, na mwaka 1971 akafa kitandani kwake Sheffield, saa yake ya ukutani akimwachia mpwa. Mahbuba alimchukia maiti huyo kuliko alivyopata kumchukia mtu aliye hai, na hakujua atamwambia nini mama yake.

Kabla hajapata la kusema, Talal alijua. Katika kutafuta, Mahbuba alikuwa ameacha swali mtandaoni, lenye jina la mama yao na la Pemba, na chini yake mtu akabandika lile gazeti. Binamu mmoja aliliona akalirusha kwenye kundi la ukoo la simuni, bila neno ila kikatuni cha macho makubwa. Na wiki ile watu walikuwa wanakuja kumposa Balqis, binti yake Talal.

Aliteremka Ijumaa baada ya sala, kanzu nyeupe imenyooka, na khaizarani mkononi, ile fimbo nyembamba wanayoshika wanaume kwenye harusi.

"Watutangaza?" aliuliza. "Babu mzungu haikutosha, na muuaji juu yake? Watu wa Balqis wasome?"

"Sikutangaza kitu, kaka Talal. Mama ndiye alonituma."

"Mama mgonjwa! Aib! Huna haya?"

Pigo la kwanza lilikuwa la kompyuta, kioo kikapasuka. La pili lilikuwa la bega lake. Talal alimpiga mgongoni, shingoni, mgongoni tena, akihema, na kofia ikamdondoka asiiokote. Mahbuba alirudi nyuma hadi jikoni, masufuria yakaanguka, akaonja damu. Fimbo ilipokuja usoni aliinua mkono wa kulia, na kifundo kikalia kama ukuni mkavu. Alipiga ukelele. Talal alisikia mfupa, akapiga tena.

"Hivyo hivyo," ilisema sauti mlangoni.

Bi Ruqaya alikuwa amesimama kwa kushika ukuta, bila kanga kichwani.

"Waanzia juu, washuka, warudi juu. Mkono wa baba yangu huo, Talal. Wala hukumwona."

"Mama, rudi ndani."

"N'likuwa na miaka saba. N'likuwa nnamshikia kopo la maji. Akichoka anywa, akisha anywa aendelea. Na yule mtu alokuwa mtini akinitazama mimi, si yeye. Akiyatazama yale maji."

"Ulituambia alikuwa mnene," alisema Talal, na sauti yake ikawa ya kitoto.

"N'liwaambia. Mlitaka niwambie nini, na nyie mwacheka?"

Talal aliokota kofia yake akapanda juu. Fimbo alikwenda nayo.

Mahbuba aliendesha gari mwenyewe kwenda hospitali, kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umefungwa kanga na kulazwa mapajani kwa mama yake. Katika kuteremka mlima wa Amerat kila kona ilimtoa machozi. Barabara ilipokaa sawa, Bi Ruqaya alimgeukia.

"Yule mtu wa mtini," aliuliza. "Wamemwandika nani?"

Hapo Mahbuba alifahamu kilichokuwa kikitafutwa mwaka mzima.

"Kila Ramadhani namuombea," alisema mama, "na kila nikifika penye jina nnanyamaza. Shambani walimwita Mnyamwezi, basi. Miaka sabini na saba, Mahbuba. Nambie jina lake."

Mahbuba alilijua gazeti lile kwa moyo. Jina la hakimu lilikuwemo. Jina la daktari aliyepima maiti, jina la meli, hata jina la farasi wa Paddock.

"Hawakumwandika, Mama."

"Hata la baba'ke?"

"Hata hilo. Wameandika kibarua mmoja."

Bi Ruqaya alilia kwa sauti, akijipiga paja kwa ngumi, kilio cha msibani, na Mahbuba naye akalia, gari likienda.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mpole. Alikishika kile kifundo taratibu, akatazama shingo yenye mistari, kisha akakaa kwenye kompyuta yake. "Umefanyaje?" aliuliza, macho kwenye kioo, vidole tayari.

Lile jibu la bafuni lilikuwa limeshafika ulimini. Mahbuba alimwona mama yake akimtazama, mtoto wa miaka saba na kopo lake.

"Nimepigwa," alisema.

Vidole vya daktari vilisimama. "Nikiandika hivyo nitalazimika kuwaita polisi."

"Andika."

"Nani aliyekupiga?"

"Kaka yangu. Talal bin Saeed bin Bakhit."

Daktari aliandika. Bi Ruqaya akajivuta na kiti chake hadi mezani.

"Na aliyepigwa," alisema. "Umemwandika?"

"Jina lake ninalo kwenye kitambulisho, Bibi."

"Sikukuuliza kitambulisho. Muandike hapo, chini ya huyo mwengine. Mahbuba binti Saeed bin Bakhit, mama'ke Ruqaya. Jina zima."

Daktari alimtazama Mahbuba, kisha akaandika, herufi moja moja. Alipomaliza aligeuza kioo upande wao, na Bi Ruqaya akatoa miwani mkobani, akaivaa.