Gamba la konokono wa bahari sebuleni kwangu, na kifuniko chake

Wakuu, habari za humu. Hii si ya jirani, ni ya sebuleni kwangu Beni, na wivu wenyewe bado ninao.

Mimi ni Mnande wa Butembo. Mume wangu ni prof wa biolojia, mtu wa Moanda, kule baharini, magharibi ya nchi. Alitumwa kufundisha huku, vita ikakata nchi vipande viwili, akashindwa kurudi. Ndiyo tukaoana.

Alikuja na gamba la konokono wa bahari. Ukubwa wa ngumi, nje kijani na madoa ya kahawia, ndani linang'aa.

Konokono wa aina ile gamba lao huzunguka kulia. Hili linazunguka kushoto. Alisema mvuvi anaweza kuzeeka bila kuliona.

Wageni wakija, anawaonyesha konokono mwenyewe alivyokaa ndani. Hapa kichwa na pembe mbili laini. Hapa ulimi wenye meno madogo, hapa matamvua ya kupumulia majini. Nyuma ya mguu, kifuniko kigumu cha kufungia mlango. Wale wetu wa migombani hawana mlango, donc wageni wanashangaa.

Na kifuniko cha huyu nacho kinazunguka kinyume, hakiwezi kukaa kwenye gamba la mwingine.

Analishika taratibu, wakuu. Mimi hajawahi kunishika hivyo.

Nikamuuliza kifuniko kiko wapi. Akasema kilipotea, yeye aliokota gamba tu ufukweni.

Mapigano yalipotukimbiza kwenda Butembo, mimi nilibeba mtoto na sufuria. Yeye alibeba godoro, na gamba ndani ya shati. Njia nzima naangalia lile shati lilivyovimba, wivu umezidi woga.

Vita ikaisha, tukarudi Beni, njia ya magharibi ikafunguka.

Asubuhi moja akashuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, mama mmoja mrefu, mzuri (nasema ukweli), akamuulizia prof. Akafungua leso, akatoa kifuniko cheupe, akakiweka kwenye mdomo wa gamba.

Kikakaa. Hata hakikucheza.

Akasema kwa Lingala alitaka tu kujua kama yuko hai. Akanywa chai yangu, akaenda. Kifuniko akakiacha.

"Uliniambiaka kilipotea," nikamwambia mume wangu.

"Nilizani yeye alikufaka, mama."

Basi.

Funzo: ukiolewa na mtu aliyekatiwa njia na vita, muulize nani alibaki ng'ambo.

Mpaka leo nikipangusa kabati nakitoa kile kifuniko, nakiweka kule kwenye vikombe. Jioni nakikuta kimerudi kwenye gamba. Hatujawahi kukizungumzia.

Kina mama wa humu, ungekuwa wewe ungekitupa?