Miamvuli ya Vyura

Kwaru, kwaru, kwaru. Juzi hapa Igoma jirani alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga, nami nikaacha kufua, nikasimama tu na povu mikononi. Mlio ule ule! Bibi yangu akikwangua jabali kwa jembe bovu, kila msimu wa kuanika michembe.

Harufu ya michembe, viazi vitamu vilivyokatwakatwa, vikikauka juu ya jiwe la moto, bado iko puani mwangu. Jabali letu lilikuwa nyuma ya nyumba, kule Nansio. Upande wa chini, maji yalipochuruzika kwenye ufa, uliota mmea wa kijani, umelala bapa kama vipande vya ini, na juu yake vimesimama viamvuli vidogo kuliko kucha yangu. Mwalimu wa sayansi alituambia chini ya viamvuli kuna vifuko, na humo seli moja hugawanyika kuwa mbili, halafu nne, na kila moja ni spora, mmea mpya unaosubiri. "Vifuko vikipasuka utaona vumbi la njano," alisema. Basi nikawa nachungulia kila asubuhi, hata uso sijanawa.

Jumamosi moja bibi akaja na jembe lake.

"Bibi, subiri kidogo, vifuko vya miamvuli havijapasuka!"

"Miamvuli yenyewe ya nani? Ya vyura?" Akacheka. "Mwaka jana niliteleza hapa, kiuno kikaniuma wiki nzima. Ningevunjika, ungenibeba wewe na vimiguu hivyo?"

Kwaru, kwaru. Mmea wote ukang'oka. Nikaokota kipande kimoja huku nalia, nikakitunza kama tulivyotunza kila kitu kwetu: nikakianika katikati ya michembe. Kufika jioni kimekauka, kimejikunja kama dagaa. Nikanuna. Bibi akakiinua.

"Mbona kinanichafua?"

Vidole vyake vilikuwa vya njano! Nilirukaruka mpaka kuku wakatawanyika, naye akacheka hadi akakaa chini.

Bibi hayupo siku hizi, na jabali lilishapasuliwa likawa kokoto. Nyumba ngapi zimejengwa kwa kokoto hizo, zimesimama juu ya michembe yetu, sijui. Lakini jioni ile, alipoingia kuwasha moto, nilijipaka vumbi lile kidoleni, nikarudi peke yangu kwenye ufa, nikanyanyuka kwa ncha za vidole vya miguu, nikalipaka taratibu kwenye unyevu, juu kabisa, pale ambapo mguu wa bibi haukanyagi.