Haki ya Kunyamaza ya Mwalimu Adila

Huyu Adila tulimsindikiza uwanja wa ndege akiwa mtu mzima na akili zake, akarudi baada ya wiki sita na Katiba ya Marekani kichwani. Nasema tulimsindikiza, maana mimi Mina, mama yake mdogo, ndiye niliyemkaangia visheti vya safari. Alikwenda kwenye semina ya walimu wa Uraia, somo analofundisha sekondari kule Fukayosi. Nilitegemea ataniletea japo kitambaa cha kichwa. Akaniletea haki.

Hata hajapumzika vizuri, mama yake, yaani dada yangu Ashatu, akafungua mkoba wa mwanawe kutafuta ufunguo. Adila akasimama mlangoni. "Mama, hati ya upekuzi iko wapi?" Akatueleza kwamba kule serikali haitii mkono kwenye vitu vya mtu hivi hivi, mpaka hakimu aone ipo sababu ya maana. Ashatu akamjibu, "Mimi si serikali, mimi nimekuzaa," akaendelea kupekua. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Halafu akaja Hamidu, ndugu yetu mgambo wa Mkange, ambaye akishuka Bagamoyo kwa shughuli ya siku moja hukaa mpaka unga uishe. Adila akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akamweleza kwamba katika Katiba ile askari halazwi nyumbani kwa mtu wakati wa amani bila mwenye nyumba kuridhia. Hamidu akauliza kama kifungu hicho kinagusa na chakula cha mchana. Alipoambiwa hakigusi, akala, akaaga. Hapo na mimi nikaanza kuipenda Marekani.

Lakini haki iliyomkaa rohoni kuliko zote ni ya kunyamaza. Atakueleza huku anaosha vyombo: polisi akikukamata kule, kabla hajakuhoji lazima akwambie kwamba unaweza kukaa kimya, na kwamba lolote utakalosema linaweza kutumika dhidi yako mahakamani. "Fikiria, mama mdogo. Hulazimishwi kujifunga kwa mdomo wako mwenyewe." Nikamwambia kwa ukoo wetu haki hiyo itaota kutu, hakuna wa kuitumia.

Sasa, baba yake Adila, marehemu Msabaha, Mungu amrehemu, hayupo, kwa hiyo anayesimamia kumuoza ni baba yake mkubwa, Kibwana. Kibwana si mtu mbaya. Kasoro yake ni moja, wazo likishamwingia halitoki hata kwa jembe. Likamwingia wazo la Husseni, muuza mbao wa Msata, mtu wa swala tano, mpole, ila alikwisha sema wazi kwamba mkewe atakaa nyumbani na mambo ya chaki basi. Kibwana akapokea posa, akatangaza siku. Adila akamwambia hataki. Akamwambia tena. Kibwana akasema wanawali wote husema hivyo, ni haya tu. Iliniuma, maana mtoto yule anaupenda ualimu kuliko kula. Ashatu naye, mama mtu, akawa anapepeta mchele, hasemi hivi wala vile.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta Adila chumbani ametulia tuli, anatabasamu. "Mama mdogo, nimepata njia. Kila nikisema, Baba mkubwa anayageuza maneno yangu. Leo natumia haki yangu. Shehe atauliza, sitajibu. Hapati neno, ndoa haifungwi."

Mimi nikajua ananitania. Nani pwani hii asiyejua? Nikacheka, nikaenda kuangalia pilau. Sikukumbuka kwamba wenzake walipokuwa wanaolewa, yeye alikuwa bweni na vitabu vyake, hajapata kuingia chumbani bibi harusi anapoulizwa.

Shehe Bwanausi akaja na mashahidi wawili, wakasimama nyuma ya pazia. "Adila binti Msabaha, baba yako mkubwa Kibwana anataka kukuoza kwa Husseni, kwa mahari ya msahafu na cherehani. Umeridhia?"

Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akauliza mara ya tatu, na Adila kidevu juu, macho darini, utadhani yuko mbele ya jaji wa kule kwao.

"Alhamdulillahi," akasema Shehe. "Mwanamwali kunyamaza ndiyo kuridhia kwake." Wanawake wakapasua vigelegele.

Adila akanishika mkono. "Wanakwenda wapi?"

"Barazani, kufunga ndoa."

"Lakini sijasema kitu."

"Ndiyo maana, mwanangu."

Rangi ilimtoka. Kicheko changu chote kikaisha pale pale. Akaniachia mkono, akachomoka.

Barazani Kibwana na Husseni walikuwa wameshashikana mikono, Shehe anaanza kusoma. Adila akatokea mbele ya wanaume wote, miguu peku, kanga begani. "Shehe, nilinyamaza kwa kukataa. Sasa nasema kwa mdomo wangu. Sitaki."

"Ameulizwa mara tatu," Kibwana akafoka, na mkono wa Husseni hauachii. "Atatuchezea hivi mbele ya watu? Ashatu, njoo umwondoe mwanao."

Dada yangu akatoka jikoni, anajifuta mikono. Shehe Bwanausi, mzee wa watu, aliyeozesha nusu ya mji huu, akamgeukia. "Wewe ndiye mama, unamjua. Kimya chake kile kilikuwa cha kuridhia?"

Nilidhani Ashatu atamshika mtoto amrudishe ndani. Akasimama karibu naye.

"Chake sikijui, Shehe. Nakijua changu. Siku ya kuolewa mimi ni wewe uliyekuja nyuma ya pazia, ukaniuliza mara tatu, nikanyamaza. Nilikuwa nalia."

Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, na hilo sikupata kulisikia. Kibwana akainamisha kichwa, maana aliyemuoa Ashatu siku ile ni nduguye. Shehe akainama, akautoa mkono wa Husseni ndani ya mkono wa Kibwana.