Gauni la Kitambaa cha Mwavuli

Juzi fundi wangu wa nguo hapa Mabela, Maskati, alinitandazia kitambaa cheupe cha nailoni, chepesi, kinachoteleza. Nikauondoa mkono mbio kama aliyegusa pasi ya moto. Akacheka. Nawe cheka, lakini ngoja nikusimulie.

Nilikulia kusini mwa Tanzania, nyuma ya duka la baba, karibu na mto wa mpakani. Ng'ambo alitawala Mreno, na wenyeji wakipigana naye ili watoke utumwani. Asubuhi nyingine, Bibi akipika vitumbua na mimi nikifagia uani, ndege ndogo isiyo na alama ilipita chini kwa chini kuwadondoshea wapiganaji dawa na chumvi kwa miavuli mikubwa ya nailoni nyeupe. Hakuna aliyeinua kichwa. "Ndege gani?" ndilo jibu la watu wazima ukiwauliza. Mzigo ukiangukia upande wetu, baba aliufuata kwa baiskeli, akauvusha mto. Majasusi wa Mreno walijaa sokoni, na wangemgundua, wangemuua. Mimi nilijua, maana ndimi niliyemfungulia mlango wa uani. Bibi hakuambiwa. Mdomo wake, Mungu amrehemu, haukuwa na kufuli.

Mara moja mwavuli mmoja ulisahaulika chini ya magunia ya korosho dukani. Bibi akauona, akashukuru riziki, akanishonea gauni la Idi lenye marinda mikononi. Nikalivaa kwa furaha, sikujiuliza kitu.

Baada ya sala, mnunuzi wa korosho, mgeni pale mjini, akalishika rinda akalipima kwa vidole. "Kitambaa kizuri. Mmekipata duka gani?"

Ndipo nikaelewa nimevaa nini. "Shangazi kaleta kutoka Unguja," nikasema. Akatabasamu, asiliachie. Nikamwona baba upande wa pili wa uwanja, uso umemkauka.

Nyumbani alisema neno moja tu: "Livue." Akalizika bandani mwa kuku. Bibi akamfuata nyuma.

"Nimekosea wapi, mwanangu? Nna macho mabovu, lakini mshono ule nimeutuliza."

Baba akaendelea kufukia. Tangu siku hiyo kila aliyebisha hodi nilidhani kaja kumchukua baba. Hakuja mtu, lakini hofu haikutoka. Tulihamia nayo Maskati.

Ng'ambo ya mto walishapata uhuru wao, duka letu limebomolewa, na baba kazikwa huku. Alinikataza kusema, nami nikanyamaza hata vita vilipokwisha, kwa mazoea ya woga. Bibi hakushona tena. Siku zake za mwisho, kitandani kwetu mtaa wa Wattaya, aliniuliza kama lile gauni lilinibana.

"Halikunibana, Bibi," nikamwambia. Sikuthubutu kuongeza neno.